Meli ya mizigo Rubens (Manza, 1915): safari yake ilishindwa au ilifaulu?

MshalePwani
Wakuu, salaam. Naomba tuijadili meli ambayo wasimulizi wengi wa Vita Kuu ya Kwanza huipa mstari mmoja tu, kisha wakakimbilia habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kule mto Rufiji. Rubens ilikuwa meli ya kawaida ya mizigo, ya mvuke, ya tani 3,587, iliyoundwa mwaka 1906 na kumilikiwa na kampuni ya Uingereza. Agosti 1914 vita vilitangazwa ikiwa imetia nanga Hamburg, Wajerumani wakaizuia, hatimaye wakaitwaa kwa kazi ya jeshi lao la majini. Februari 1915 iliondoka Wilhelmshaven chini ya nahodha Carl Christiansen ikijifanya meli ya Denmark iitwayo Kronborg, na mabaharia wake walichaguliwa miongoni mwa watu wanaojua Kidenmark. Ilizunguka kaskazini ya Uskoti, ikateremka Atlantiki yote, ikapita Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifumania karibu na Tanga, nayo ikakimbilia Ghuba ya Manza, ikapigwa mizinga humo humo mpaka ikakaa chini.

Dai langu ni kwamba safari ile ilishindwa. Ilikuja kuipa Königsberg makaa ya mawe, na Königsberg haikupata hata gunia moja. Miezi mitatu baadaye, tarehe 11 Julai 1915, manowari hiyo ilimalizwa palepale ilipojificha. Sasa ushindi unaosifiwa ni upi?

Nungunungu
Asante kwa uzi. Hii si ndiyo ile iliyoibuliwa kutoka chini ya maji, ikapewa jina la Liemba na kuendelea kubeba abiria?

Kalamu ya Zamani
Hapana, ndugu Nungunungu. Liemba ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Kati ya hizo mbili moja ni ya ziwani na nyingine ni ya baharini, lakini kuna jambo moja linalozifananisha ambalo mleta uzi amelipita: zote mbili zilizamishwa na watu wake kwa makusudi. Kule Kigoma mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha, ili siku moja iweze kufanya kazi tena. Kule Manza, Christiansen aliona moto umeshika mbao zilizopangwa juu ya sitaha, akaamuru meli ifunguliwe maji ya bahari iingie chini, kwa sababu aliyajua yaliyomo katika vyumba vya shehena. Baruti iliyolowa inaweza kuanikwa, iliyolipuka haina la kufanywa.

Kwa hiyo neno "ikapigwa mpaka ikakaa chini" halielezi yote yaliyotokea siku ile.

Mwalimu wa Zamu
Naunga mkono, na naongeza jambo ambalo mleta uzi hakuligusa kabisa. Rubens haikubeba makaa peke yake. Ilikuwa na bunduki za kisasa, risasi kwa mamilioni, mizinga midogo, nguo, dawa na vifaa vya jeshi la nchi kavu. Tukumbuke hali ya von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, wakati huo. Novemba 1914 alishinda Tanga, lakini sehemu kubwa ya askari wake walibeba bunduki kuukuu za mwaka 1871 zinazopiga risasi moja moja na kutoa moshi mwingi unaomwonyesha adui mahali mpigaji alipolala. Januari 1915 wakapigana Jasini, mpakani, si mbali sana na hiyo Manza. Alishinda tena, ila mapigano yale yalimla risasi zipatazo 200,000, naye mwenyewe alikiri kwamba kwa akiba aliyobaki nayo asingeweza kupigana vita vya namna ile zaidi ya mara tatu.

Sasa meli inafika Aprili ikiwa na kile hasa alichopungukiwa, inazama mahali pa maji mafupi karibu na ufuo unaoshikiliwa na askari wake, na adui anaondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Ukiniuliza mimi, huo ni ufaulu mkubwa kuliko hata ule uliokusudiwa.

MshalePwani
Mwalimu, unahamisha goli. Amri iliyoitoa Rubens Ulaya ilihusu Königsberg kwanza. Mtu akitumwa sokoni kununua samaki akarudi na nazi, hatusemi ametimiza alilotumwa kwa sababu nazi nazo zinalika.

Fundi Mashine
Samahani kwa kuingilia wanahistoria, lakini hesabu ya makaa inahitaji kutazamwa kabla ya kugombana. Kutoka tarehe 18 Februari mpaka 14 Aprili ni siku 55. Meli ya mizigo ya kiasi kile, yenye injini ya mvuke ya enzi hizo, ilichoma tani ishirini na kitu kwa siku ikitembea mwendo wa wastani. Chukueni 25 tu mzidishe, mtaona kwamba meli ilihitaji tani zaidi ya 1,300 za kujifikisha yenyewe, bila bandari hata moja ya kujaza njiani, maana kila bandari ilikuwa na macho ya Waingereza. Juu ya hizo ilibeba tani nyingine zaidi ya elfu moja kwa ajili ya Königsberg, ambayo maghala yake yalichukua takriban tani 800. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya uzito wa meli ilikuwa makaa, na silaha zilipewa nafasi iliyobaki. Kwa hilo namwunga mkono mleta uzi, kwa sababu mpangilio wa shehena unaonyesha nia ya aliyeipakia.

Lakini nina la kumwambia pia. Siku ya tukio, Hyacinth iliharibikiwa na injini moja kati ya mbili wakati wa kufukuza. Admirali King-Hall alikuwa ndani yake, akiiona meli ya mizigo isiyo na mwendo wa maana ikimponyoka na kuingia ghubani. Kama injini ile isingegoma, Rubens ingekamatwa baharini, mali yote ingekuwa ya Waingereza, na leo tusingekuwa na uzi. Anayetafuta sababu ya silaha zile kuokolewa aanzie kwenye chumba cha mashine cha Hyacinth kabla ya kufika kwenye akili ya Christiansen.

Kalamu ya Zamani
Injini ilimpa Christiansen muda wa kuingia ghubani, sikatai. Haikumpa uamuzi wa kufungua maji. Manahodha wangapi wangeacha meli iteketee na kuondoka zao wakisema mizinga imewashinda?

Fundi Mashine
Bila muda huo angekuwa anafungua maji katika kilindi, na samaki ndio wangepokea bunduki.

Wakili wa Mwambao
Habari zenu. Nimevutiwa na hatua ya kwanza kabisa, ile ya Hamburg, ambayo mmeiruka. Mkataba wa Sita wa The Hague wa mwaka 1907 ulihusu hali ya meli za biashara za adui zinazokutwa bandarini vita vinapoanza. Ulisema kwamba inafaa meli kama hizo ziruhusiwe kuondoka, mara moja au baada ya muda wa hisani. Zikizuiwa, hazitaifishwi, bali hurudishwa baada ya vita, au hutwaliwa kwa matumizi ya vita na mwenyewe akalipwa fidia. Kwa kipimo hicho Rubens haikuwa nyara ya vitani. Ilikuwa mali ya raia wa Uingereza iliyoshikwa kisha ikatumiwa dhidi ya nchi yake, na mizinga ya nchi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuipiga Manza. Sidhani kama kuna meli nyingine katika pwani yetu yenye historia iliyojipinda namna hiyo.

Kuhusu kujifanya Denmark, desturi ya vita vya baharini iliiruhusu meli kupeperusha bendera isiyo yake kwa kujificha, ilimradi isishambulie ikiwa chini ya bendera hiyo. Rubens ilikuja kupita kimya, haikuja kushambulia. Mtu anaweza kuichukia hila hiyo, lakini haikuwa kosa la kisheria kwa mizani ya wakati ule.

Nungunungu
Nashukuru kwa kuelimishwa. Hata hivyo bado sijaelewa Hyacinth ilijuaje mahali pa kuivizia. Bahari ni kubwa.

MshalePwani
Redio, ndugu yangu. Königsberg na Rubens zilihitaji kuelewana mahali pa kukutana, na kila neno lililorushwa hewani lilikuwa na msikilizaji wa tatu. Waingereza waliyanasa mawasiliano hayo. Kapteni Looff wa Königsberg, alipoona hawezi kutoka Rufiji kwa sababu midomo ya mto imezingirwa, aliielekeza Rubens iende kaskazini kwenye eneo la Tanga. Hiyo ndiyo sababu meli ya makaa ilijikuta Manza, mbali kabisa na meli iliyokuja kuihudumia. Ninyi mnaoita ufaulu, nielezeni hilo.

Mjukuu wa Moa
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mzaliwa wa upande huo, na babu mzaa mama alikuwa akisimulia mambo aliyoyasikia kwa wazee waliomtangulia. Siyaleti kama ushahidi wa mahakamani, nayaleta kama alivyoyasema.

Kwanza, asiyeijua ghuba ile anadhani manowari ingeweza kuingia tu na kufunga kamba ubavuni mwa Rubens. Pale pana fungu na mikoko, na maji yakipwa siku za bamvua hata mvuvi mwenye ngalawa anaangalia anapopita. Manowari yenye injini moja mbovu, isiyo na rubani wa mahali hapo, ilikuwa na sababu nzuri ya kubaki nje na kupiga kutoka mbali. Pili, wazee walisema kwamba moshi ulikuwa mwingi sana na uliendelea kwa muda mrefu. Mbao zilikuwa juu, na mbao zinawaka kwa kelele. Anayetazama kutoka nje ya ghuba aliona meli nzima imekuwa moto, kumbe chini mali imelala katika maji.

Tatu, jambo ambalo babu alilirudia zaidi ni vitambaa. Watu wa vijijini waliona marobota ya nguo yakitolewa na kuanikwa juani, na kwa miaka hiyo ya vita, ambapo kitambaa kilikuwa adimu, hilo ndilo lililobaki katika kumbukumbu zao kuliko bunduki.

Kalamu ya Zamani
Ahsante sana, Mjukuu. Nyongeza kidogo tu: Waingereza walituma boti zenye watu mpaka kwenye meli. Walikuta moto sitahani na watu wa nchi kavu wanawapiga risasi kutoka ufuoni, wakarudi. Kwa hiyo fungu na mikoko haviwezi kuwa maelezo yote, maana boti hazikuzuiwa na fungu.

Mjukuu wa Moa
Boti haikuzuiwa, nakubali. Lakini boti haina mzinga wa kuivunja meli vipande. Anayeweza kuivunja alibaki nje.

Mwalimu wa Zamu
Na kuna sababu ya nne, ya kichwani. Macho ya wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza yalikuwa Rufiji. Tangu Königsberg ilipoizamisha manowari yao Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, aibu ile haikuwatoka. Kwao Rubens ilikuwa meli ya makaa. Meli ya makaa ikishindwa kufika, imekwisha kazi, iwe imeungua, imezama au imekwama. Hakuna aliyeketi na kuuliza ndani kuna nini kingine. Mizinga ya Severn na Mersey, zile manowari za maji mafupi, ndiyo waliyokuwa wakiisubiri.

Chaza
Mnaisifu sana shehena hiyo. Naomba tuwe wakweli kuhusu hali yake baada ya kutolewa majini. Risasi zilikaa katika maji ya chumvi. Ilibidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, na nyingine zibadilishwe fataki. Von Lettow mwenyewe aliandika juu ya risasi zilizogoma kulipuka baada ya kazi hiyo yote. Askari anayevuta kifyatulio asisikie kitu, huku adui yuko hatua chache mbele yake, hatakubaliana na Mwalimu kwamba huo ni ufaulu mkubwa.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu Chaza, askari huyohuyo asingekuwa na risasi yoyote ya kugoma. Zilipangwa kwa ubora, nzuri zikapelekwa vitani na mbovu zikabaki kwa mafunzo na kazi ndogo. Jeshi lile lilipigana mpaka Novemba 1918. Sisemi ni kwa sababu ya Rubens peke yake, kwani nyara za Tanga na mizinga kumi ya Königsberg iliyotolewa Rufiji nayo ilisaidia, lakini mwaka 1915 na mwanzo wa 1916 bunduki za Manza zilikuwa mikononi mwa askari.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Nimesoma kurasa zote kwa utulivu na nina swali moja tu. Kila mmoja wenu ametaja nahodha, admirali, kapteni na mkuu wa majeshi. Nani aliingia ndani ya maji yale kuyatoa makasha? Nani aliyabeba kutoka Manza hadi Tanga kwenye reli ya Moshi? Nani alikaa chini kufungua risasi moja moja, siku baada ya siku? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana mnaurusha kwa sentensi moja: "silaha ziliokolewa". Zilijiokoa?

Kalamu ya Zamani
Bibi, maneno yako ni mazito na ni ya haki. Kazi ile ilifanywa na wapagazi, vibarua na askari weusi chini ya usimamizi wa Wajerumani wachache, na maandishi ya upande wa Wajerumani yanawataja kwa jumla, kwa makundi, karibu bila majina. Ningeongeza kwamba wakati wa kuitoa ulikuwa wa hatari, maana Manza haikuwa mbali na bahari inayozungukwa na manowari za adui, na moto ungeweza kurudi saa yoyote.

Mjukuu wa Moa
Babu alisema watu walikusanywa vijijini, na kukataa hakukuwamo. Kama kulikuwa na malipo, hakuyataja.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Basi katika hesabu yenu ya kushindwa na kufaulu wekeni na hilo. Anayepima safari kwa bunduki zilizofika, apime pia kwa migongo iliyozifikisha.

Fundi Mashine
Naheshimu, Bibi. Nirudi kidogo kwenye meli. Wapo wanaosema kwamba kipimo bora cha Rubens ni meli ya pili, Marie, iliyokuja mwaka mmoja baadaye. Marie iliingia Sudi, kusini, Machi 1916. Haikuhusika na Königsberg kwa kuwa Königsberg ilikuwa imekwisha. Ilileta mizinga, risasi na dawa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu moja kwa moja, ikapakuliwa kwa utaratibu, wapagazi wakasafirisha shehena kwenda bara, na ingawa iligunduliwa na kupigwa, ilitoka tena Aprili na kufika Batavia (Jakarta ya leo). Ukiweka mbili hizo pamoja unaona kwamba Berlin ilijifunza kitu Manza. Walielewa kwamba kuna mtu nchi kavu anayeweza kutumia shehena hata isipofika kama ilivyopangwa.

MshalePwani
Fundi, umenisaidia bila kukusudia. Kama Marie ndiyo iliyofanya vizuri, basi Rubens ndiyo iliyofanya vibaya.

Mwalimu wa Zamu
Au Rubens ndiyo iliyofungua njia. Mleta uzi ana kipaji cha kugeuza kila kitu kiwe ushahidi wake.

Wakili wa Mwambao
Tukiwa bado kwenye meli za makaa, msisahau Newbridge. Nayo ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza, ikatwaliwa na serikali yake, na Novemba 1914 ikazamishwa kwa makusudi katika mkondo mmoja wa Rufiji ili kuziba njia ya Königsberg. Kwa hiyo ndani ya miezi sita, kwenye pwani moja, meli mbili za biashara za Kiingereza zilizamishwa na watu waliokuwa ndani yake, moja kwa amri ya Waingereza ili kumfungia mtu mlango, na nyingine kwa amri ya Mjerumani ili kuhifadhi mali. Wenye meli hawakuulizwa kwa yoyote kati ya hizo.

Chaza
Na mkondo uliozibwa haukuwa pekee. Delta ya Rufiji ina midomo mingi. Königsberg haikushindwa kutoka kwa sababu ya Newbridge.

Nungunungu
Swali la mwisho kutoka kwangu, kwa Fundi. Tuseme Rubens imefika Rufiji salama na makaa yote. Königsberg ingeweza kurudi Ujerumani?

Fundi Mashine
Kwa kujaza mara moja, hapana. Manowari ile ikijaa makaa na kutembea kwa mwendo wa kubana matumizi ilikwenda zaidi kidogo ya maili 5,000 za baharini, na njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Bahari ya Kaskazini ni karibu mara mbili ya hapo. Ingelazimika kufuatana na Rubens na kupakia tena mahali pa siri katika Atlantiki, huku boila zake zilikwisha kuhitaji matengenezo makubwa. Mpango wenyewe ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, na hilo silioni mkililaumu popote katika kurasa hizi. Mnamlaumu Christiansen au mnamsifu, wakati waliompakia makaa Wilhelmshaven walijua ramani ya dunia.

MshalePwani
Waliijua, ndiyo. Lakini hawakuhitaji Königsberg ifike nyumbani. Walihitaji itoke tu, ivunje biashara katika Bahari ya Hindi kama ilivyofanya kwa City of Winchester, meli ya mizigo ya Uingereza, mnamo Agosti 1914, na iwafanye Waingereza waendelee kutawanya manowari zao. Kwa kazi hiyo tani 800 zinatosha kabisa.

Kalamu ya Zamani
Waingereza walikuwa wameshatawanya manowari zao kwa kuilinda tu midomo ya mto. Kwa nini uitoe meli inayokufanyia kazi ikiwa imelala?

MshalePwani
Muulize Looff.